Jengo Lisilo na Mgongo

Nyumba nyingi zina uso na zina mgongo. Usoni hukaa mlango mzuri, nakshi na ngazi za kupandia wageni. Mgongoni humwagwa maji ya vyombo, huanikwa nguo, huingizwa kuni. Fundi anajua hivyo, na mfuko wa mwenye nyumba unajua zaidi, ndiyo sababu matofali mazuri huishia mbele. Sasa mpe fundi huyo kiwanja kilicho katikati ya mji, barabara imekizunguka, maduka yamekikodolea macho kutoka pande zote nne, na watu wenye shida na jengo lenyewe wanafika kutoka kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Tofali lake baya ataliweka wapi?

Hilo ndilo swali walilojitwika wajenzi wa miji midogo ya Kusini mwa Marekani katika karne ya 19. Majimbo yale yamegawanywa katika kaunti, kila kaunti ina mji wake mkuu, na katika mji huo mara nyingi mahakama imesimama peke yake katikati ya uwanja. Usidhani ni nyumba ya kesi tu. Humo ziliwekwa hati za mashamba, wosia, vyeti vya ndoa, daftari za kodi. Mkulima ambaye hajawahi kumshtaki mtu wala kushtakiwa bado alikuwa na sababu za kupanda ngazi zile: kuoa, kurithi, kununua ekari mbili za jirani, kulipa anachodaiwa. Na kwa kuwa ameshafika, hununua misumari, hupiga kwato za nyumbu wake viatu vipya, hukaa kivulini akasikiliza umbea.

Nitakaa na mji mmoja, Oxford, makao makuu ya Kaunti ya Lafayette kaskazini mwa Mississippi. Wasomaji wa William Faulkner wanaujua kwa jina lingine, Jefferson, mji aliouweka katikati ya kaunti yake ya kubuni. Huyo tutamfikia. Yeye pia ni fundi, lakini wa mwisho kufika kazini.

Wa kwanza kufika ni mpima ardhi, na nyuma yake kuna mkataba. Mnamo Oktoba 1832, kwenye kijito cha Pontotoc, taifa la Wachickasaw lilikubali kuiachia serikali ya Marekani ardhi yake iliyobaki mashariki ya mto Mississippi. Neno “lilikubali” hapa linabeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Katika miaka iliyofuata watu wale walihamishwa kwenda magharibi, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Kabla ya kuondoka, baadhi yao walipewa vipande vya ardhi kwa majina yao, na vipande hivyo vikanunuliwa na walowezi haraka haraka. Kipande ambacho juu yake ulijengwa Oxford kilikuwa cha mwanamke wa Kichickasaw aitwaye Hoka. Wanunuzi walikuwa watatu, John Martin, John Chisholm na John Craig, na mnamo 1836, mwaka ambao kaunti ilianzishwa, waliitolea kaunti hiyo ekari 50 ili mji wake mkuu ukae hapo. Usiwasifu sana kwa ukarimu. Mtu mwenye ardhi inayozunguka ekari zile 50 alikuwa amejitengenezea bei.

Kazi ya mpima ilikuwa kuligeuza pori lenye vilima kuwa mistari. Alikuwa na dira iliyosimama juu ya mguu wa mti, na alikuwa na mnyororo. Mnyororo ule uliwekewa vipimo na Mwingereza Edmund Gunter mnamo 1620, na kila nikiufikiria navua kofia. Una urefu wa futi 66, namba ambayo kwa mara ya kwanza inaonekana kama imeokotwa njiani. Lakini minyororo 80 inatimiza maili moja kamili, na eneo lenye minyororo kumi ya mraba ni ekari moja kamili. Mnyororo wenyewe una pingili 100. Maana yake mpima aliyeishia darasa la chini aliweza kuandika urefu kwa desimali, akazidisha, akasogeza nukta, akapata ekari bila kuumwa kichwa. Hesabu ngumu ilikuwa imeshafanywa na Gunter na kufungiwa ndani ya chuma.

Chuma nacho kina tabia zake. Pingili husuguana kwenye viungio, na viungio vikilika kiasi cha unywele kila kimoja, mnyororo mzima unarefuka, na mpima asiyeukagua anawapunjia watu bila kukusudia. Mteremko una mtego mwingine. Ardhi hupimwa kwa ulalo wake, kana kwamba ni tambarare, kwa hiyo penye kilima wale vijana wawili wavuta mnyororo ilibidi waunyanyue upande wa chini mpaka ulale sawa, kisha washushe timazi kuona ncha inaangukia wapi. Pale Oxford, ambako nchi inapanda na kushuka bila kupumzika, walifanya hivyo mchana kutwa, wakihesabu kwa vijiti vya chuma walivyochomeka ardhini. Dira nayo haielekezi kaskazini halisi. Sindano huvutwa pembeni kwa kiasi kinachobadilika mahali kwa mahali na mwaka kwa mwaka. Mpima mzuri aliirekebisha kwa kuitazama nyota ya kaskazini usiku. Mpima mbaya aliacha migogoro ya mipaka iliyowalisha mawakili kwa vizazi viwili.

Kisha ukaja uamuzi wa kuukata uwanja. Mwanajiografia Edward Price alichapisha mnamo 1968 uchunguzi mzuri wa viwanja vya mahakama za Marekani, akaonyesha kwamba nyuma ya miji mingi kuna mikato michache tu iliyosafiri pamoja na walowezi. Mmoja aliuita kwa jina la Shelbyville, mji wa Tennessee uliopimwa mnamo 1810: barabara zinapita kando ya uwanja na kukutana kwenye pembe, na mahakama inakaa ndani kama kisiwa. Katika mkato mwingine, wa kutoka Pennsylvania, barabara zinaingia katikati ya kila upande, hivyo kwamba mtu anayekuja analiona jengo limeziba njia mbele yake tangu mbali. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa anayetembea ni kubwa sana: kule Shelbyville mahakama inakutokea ubavuni ghafla, kule kwingine inakungoja.

Oxford ina vyote viwili. Barabara inayoitwa leo Lamar inatoka kaskazini na kusini na kuelekea moja kwa moja kwenye kifua cha mahakama, halafu inagawanyika kupita pembeni. Barabara za Jackson na Van Buren zenyewe zinapita kwenye kingo, moja upande wa juu na moja upande wa chini. Anayekuja kwa Lamar anaongozwa na saa ya mnara kwa mwendo mrefu. Anayekuja kutoka mashariki haioni mpaka amekaribia. Uwanja umekaa juu ya kilima, kwa hiyo hata mvua huondoka katikati na kwenda kuwasumbua wengine.

Mji ulisajiliwa rasmi mnamo 1837 na ukaitwa Oxford kwa matumaini ya wazi kabisa: waanzilishi walitaka bunge la jimbo liwape chuo kikuu, wakaona jina la mji wa chuo wa Uingereza litasaidia. Lilisaidia au halikusaidia, mnamo 1841 Oxford ilichaguliwa, na chuo kikafunguliwa mnamo 1848. Mahakama ya kwanza ilikuwa imekamilika tangu 1840.

Sasa tuje kwenye matofali, maana hapa ndipo panapostahili kukaa.

Udongo mzuri wa tofali huchimbwa mapema na kuachwa nje upigwe na baridi na mvua, ili mabonge yavunjike yenyewe. Hupondwa na maji, kwa miguu au kwa mnyama anayezungushwa kwenye shimo, mpaka mawe na mizizi itoke na unga wote ulowe sawasawa. Udongo wa mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka, mchanga mwingi humomonyoka. Fundi hupima kwa vidole. Halafu anakuja mtu wa kalibu. Anachukua bonge, analibingirisha kwenye mchanga lisigande, analitupa kwa nguvu ndani ya kisanduku cha mti ili lijaze pembe zote kwa pigo moja, anakata ziada juu, anampa kijana anayekimbia kulimwaga uwanjani. Mtu mmoja aliyezoea, akiwa na wasaidizi wa kumletea na kumwondolea, alifyatua zaidi ya matofali 2,000 kwa siku. Siri iko katika lile pigo. Bonge likitupwa kwa woga, pembe hazijai, na tofali lisilo na pembe huonekana ukutani miaka mia baadaye.

Yakishakauka hupangwa kuwa tanuri. Aliyepita Iringa au Mbeya kiangazi ameiona kazi hii kando ya barabara: matofali mabichi yenyewe ndiyo ukuta wa tanuri, yamepangwa kwa mianya, chini yameachiwa vichochoro vya kuni, nje yamekandikwa udongo. Kule Mississippi ilikuwa hivyohivyo. Moto wa kwanza ni mdogo, wa kutoa unyevu tu. Mchochezi akikimbilia moto mkali, mvuke hupasua matofali ndani kwa ndani. Kisha huongezwa, usiku na mchana, kwa siku nyingi, na mchochezi husoma rangi kupitia kwenye vichochoro kwa sababu hana chombo kingine cha kupimia joto. Tanuri likipoa na kuvunjwa, matofali hayafanani. Yaliyokaa jirani na moto yamekuwa meusi na kuiva kupita kiasi, mengine hata yamepinda. Ya katikati ni mekundu, magumu, ukiyagonga yanalia. Ya pembezoni yamebaki na rangi ya waridi hafifu na yanakunywa maji.

Hapa lile swali la tofali baya linapata jibu lake. Ukuta wa wakati ule ulikuwa mnene, tabaka mbili, tatu au zaidi, na lile tofali lisiloiva halikutupwa. Lilizikwa ndani, kati ya tabaka, lisikoguswa na mvua. Nje pande zote nne lilikaa tofali linalolia. Na ili tabaka zisiachane, kila baada ya safu kadhaa mwashi aligeuza matofali, akayalaza yakiingia ndani ya ukuta, vichwa vikitazama barabarani. Katika majengo ya zamani ya Kusini ambayo hayakupigwa lipu unaweza kuzihesabu: safu tano au sita za ubavu, moja ya vichwa. Mwashi mwenye haraka aliruka safu ya vichwa, na ukuta wake ukatoka tumbo.

Waliofanya kazi hizo kabla ya 1865 walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliofanywa watumwa. Kwa sensa ya 1860, zaidi ya nusu ya wakazi wa Mississippi walikuwa mali ya wenzao kisheria. Jengo la kwanza la chuo kikuu pale Oxford, liitwalo Lyceum, lilichorwa na William Nichols, Mwingereza mzaliwa wa Bath, na jina lake limo katika kila kitabu. Walioyafyatua na kuyajenga matofali yake hawakutia saini popote. Kule Charleston, South Carolina, wageni huonyeshwa matofali ya zamani yenye alama za vidole, vingine vidogo, vya watoto waliokuwa wakiyageuza juani yakauke. Alama hizo hutajwa mara nyingi kwa sauti ya majonzi, na ni haki. Mimi huona jambo la pili pia: tofali linaloshika alama ya kidole kwa karne mbili limefyatuliwa na mtu aliyejua kazi.

Kuna mmoja ambaye tunamjua kwa jina, na ufundi wake unastahili kusimuliwa. Horace King alizaliwa mtumwa huko South Carolina mnamo 1807. Mmiliki wake, John Godwin, alikuwa mkandarasi, na mnamo 1832 walifika pamoja kwenye mto Chattahoochee, mpakani mwa Georgia na Alabama, kujenga daraja. King alibobea katika madaraja ya mbao ya mtindo uliosajiliwa na Ithiel Town mnamo 1820: mbao nyembamba zinapishana kwa mshazari kama wavu na kufungwa kwa vigingi vya mti kila zinapokutana. Uzuri wa wavu huo ni kwamba hauhitaji gogo kubwa wala fundi chuma. Unahitaji mtu wa kutoboa matundu mamia kwa mamia, yote mahali pake, kwa sababu kigingi kimoja kikikataa kuingia, wavu mzima umepinda. King alijenga pia mahakama za kaunti pande zote mbili za mto ule, na madaraja yake yalifika mpaka Mississippi. Mnamo 1846 bunge la Alabama lilipitisha sheria ya kumwacha huru. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aliketi katika bunge hilohilo kama mjumbe. Na Godwin alipofariki mnamo 1859, ni King aliyeweka jiwe juu ya kaburi lake, kitendo ambacho wanahistoria wanakizungusha mikononi hadi leo bila kukubaliana kina maana gani.

Mahakama ya kwanza ya Oxford haikuishi muda mrefu. Tarehe 22 Agosti 1864, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, majeshi ya Kaskazini chini ya Jenerali A. J. Smith yaliichoma, na yakachoma maduka yaliyouzunguka uwanja. Hii ya sasa ilikamilika mnamo 1872, kwa michoro ya kampuni ya Willis, Sloan na Trigg.

Ni nyeupe, ya ghorofa mbili, kwa mtindo ulioigwa kutoka Italia: madirisha marefu yenye vichwa vya tao, mnara juu ya paa, saa ya nyuso nne. Watu huyapita matao bila kuyaona. Tao haliwezi kujengwa hewani. Seremala hutangulia kutengeneza umbo la mbao la nusu duara, mwashi hupanga matofali juu yake kutoka pande mbili kwa mpigo mmoja, kulia na kushoto, uzito usizidiane, mpaka la katikati liingie na kubana. Umbo likiondolewa, tao hushuka kidogo sana, likajikaza. Ukiona dirisha lenye ufa juu kulia tu, jua kwamba mwashi alianza upande mmoja akaenda kula.

Chumba cha mahakama kipo ghorofa ya juu. Chini kelele za karani na mwenye deni, juu hakimu, madirisha makubwa yakipitisha upepo wa kiangazi cha Mississippi ambacho hakina huruma.

Na saa. Saa za minara za karne ile zinajibu lile swali la uso na mgongo kwa namna inayonifurahisha kuliko zote. Mashine ni moja tu, ndani, na huendeshwa na mzigo mzito wa chuma unaoning’inia kwa kamba na kushuka polepole ndani ya mnara. Kutoka kwenye mashine hupanda ufito mmoja hadi katikati ya nyuso nne, na huko juu gurudumu la meno ya mshazari linagawa mzunguko huo mara nne. Mishale yote minane inakwenda kwa ufito mmoja. Mwenye duka wa kaskazini na mwenye duka wa kusini hawawezi kubishana. Mtu hupanda kila juma kuupandisha mzigo kwa mkono, na akiona saa imechelewa husogeza kidogo uzito wa mizani inayobembea. Kabla ya reli za Marekani kukubaliana majira ya pamoja mnamo Novemba 1883, kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, na adhuhuri ya kaunti ilitoka kwenye mnara wa namna hii.

Maduka yanayouzunguka uwanja ni nusu ya pili ya ufundi huu, na husahaulika. Viwanja vyake vilikatwa vyembamba na virefu, ili watu wengi wapate uso wa kuelekea mahakama. Kuta za pembeni ni za ushirika: ukuta mmoja, wenye maduka wawili. Juu zipo roshani zinazofunika njia ya miguu, na chini ya roshani mtu huweza kukaa mchana kutwa bila kununua kitu. Duka la Neilson linahesabu umri wake tangu 1839. Kila duka lina uso mmoja tu, uliopambwa, na nyuma ni vichochoro vya mapipa, ngazi za mbao na milango ya kupokelea mizigo. Kumbe mgongo haukupotea. Mahakama ilipokataa kuwa na mgongo, mji uliuchukua mgongo huo na kuusukuma nje, nyuma ya maduka, mbali na macho ya hakimu.

Vivyo hivyo kwa watu. Jengo lilikuwa na milango pande zote, lakini sheria za ubaguzi zilizotekelezwa humo hazikuwa hivyo. Mnamo 1907 waliweka upande wa kusini wa mahakama sanamu ya askari wa jeshi la Kusini, juu ya nguzo ndefu, anatazama kusini. Kwa jicho la ufundi peke yake, naiona kama kosa: jengo lililochorwa liwe sawa pande zote likalazimishwa kuwa na uso. Kwa jicho jingine haikuwa kosa hata kidogo. Waliojenga sanamu walijua wanachosema na wanamwambia nani. Mwaka uliofuata, Septemba 1908, kundi la watu lilivunja jela ya mji, likamuua mtu mweusi aliyeitwa Nelse Patton, aliyekuwa akituhumiwa kumuua mwanamke mweupe, na kuutundika mwili wake kwenye nguzo pale uwanjani, hatua chache kutoka kwenye chumba ambamo kesi yake ilipaswa kusikilizwa. Aliyekuwa seneta wa Marekani, W. V. Sullivan, alijisifu hadharani kwamba ndiye aliyewaongoza. Sasa karibu na mahakama lipo bango lenye majina ya watu waliouawa na makundi ya namna hiyo katika kaunti. Sanamu nayo ipo. Mnamo 2020 madiwani wa kaunti walipiga kura ya kuiacha.

Mwezi ule wa 1908 William Faulkner alikuwa anakaribia miaka kumi na moja. Familia yake ilihamia Oxford mnamo 1902. Baba yake aliendesha zizi la farasi wa kukodi, baadaye duka la vifaa vya chuma uwanjani hapo. Kijana alikulia kati ya misumari na umbea, na hiyo ni shule tosha. Aliponunua nyumba chakavu ya miaka ya 1840 mnamo 1930, alishika nyundo mwenyewe.

Katika *Absalom, Absalom!* ya 1936 alichora ramani ya kaunti yake ya kubuni kwa mkono wake, akajitaja humo kuwa ndiye mmiliki pekee, na mahakama akaiweka katikati, barabara zikitoka humo. Mnamo 1951, katika *Requiem for a Nun*, alieleza mahakama hiyo ilikotoka, na kisa chenyewe ni cha kufuli. Kufuli la ratili kumi na tano, lililofunga mfuko wa barua, wanakijiji waliliazima kufunga jela kwa sababu wamekamata majambazi. Majambazi wakaondoka na ukuta, na kufuli likapotea. Sasa nani alipe? Wakafikiria kulificha deni katika daftari la biashara ya Wachickasaw, liandikwe kama grisi ya magurudumu. Katika kulihangaikia deni hilo ndipo walipogundua kwamba wanahitaji mahali pa kuweka daftari zenyewe, na mji ukaanza kuwa mji, ukapewa jina la mbeba barua ili anyamaze kuhusu kufuli. Nimesoma historia kadhaa za heshima za kaunti za Kusini, zenye mababa waanzilishi na maono yao. Sioni iliyo na ukweli kuliko kisa hiki cha kubuni.

Lakini kazi yake kubwa juu ya uwanja ule aliifanya mapema zaidi, katika kurasa za mwisho za *The Sound and the Fury*, mwaka 1929. Benjy, mtu mzima asiyeweza kusema, anapelekwa makaburini kwa gari la farasi. Mwendeshaji wa kila siku huizunguka sanamu kwa kulia. Siku hiyo anaendesha kijana Luster, anataka kujionyesha, anakata kushoto. Benjy anapiga yowe lisilo na kikomo, mpaka kaka yake Jason anavuka uwanja mbio, anamgeuza farasi kwa nguvu, na vitu vinarudi kupita mbele ya macho ya Benjy kwa mpangilio wake. Hebu litazame hilo kama fundi. Mpima alitengeneza uwanja ambamo kulia na kushoto ni sawa. Ukienda huku au kule utafika palepale, utaona madirisha yaleyale, saa ileile. Faulkner aliona kwamba usawa huo ndio unaomtesa mtu asiye na lugha, kwa kuwa hana kingine cha kumwambia yuko wapi isipokuwa mazoea. Asingeweza kuandika ukurasa ule kwa mji wenye barabara kuu moja na mahakama yenye mgongo.

Mnamo 1947 lilizuka wazo la kuibomoa mahakama ili lijengwe jengo jipya. Faulkner aliliandikia gazeti la mji, Oxford Eagle, kuunga mkono walioitetea. Haikubomolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliongezwa ukubwa, na hapo wajenzi walikutana uso kwa uso na tatizo lilelile: jengo lisilo na nyuma linaongezwa upande gani? Waliongeza mabawa mawili, mashariki na magharibi, wakauacha mstari wa Lamar ulivyokuwa. Ni suluhisho la adabu, ingawa upana ule mpya umeulemea mnara kidogo.

Kazi inayobaki ni ya kutunza, na humo umo ufundi ambao karibu upotee. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali. Ukuta ukitikisika kwa joto na baridi, chokaa ndiyo inayokubali. Unyevu ukiingia, hutokea kwenye chokaa. Katika karne ya 20 mafundi wengi kote Kusini walikwangua chokaa hiyo na kujaza saruji, wakidhani wanaimarisha. Saruji haikubali na haipitishi maji, basi unyevu ukatafuta njia kupitia kwenye tofali, na nyuso za matofali zikaanza kubanduka kama maganda. Sasa wenye kujua wanaitoa saruji ile kwa patasi ndogo, kiungo kimoja kimoja, wanarudisha chokaa kwa tabaka nyembamba, na wanafunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Kila tabaka lingoje la chini yake. Wanaolipa huuliza kwa nini inachukua muda mrefu namna hiyo, na mwashi huwaonyesha upande ambao saruji ilipita.